Viazi Vigumu, Kima Kama Changarawe: Mlo wa Jioni wa Watu Wawili kwa Asiye na Meno

BARUA

Wanangu wa safu ya jikoni, hamjambo?

Bibi yenu amebakiwa na meno manne tu, ya mbele, chini. Mengine yaling'olewa wiki 7 zilizopita, na daktari wa meno ametuambia tusubiri ufizi upone vizuri ndipo apimwe meno ya bandia. Nyumbani tupo wawili. Miaka yote mpishi alikuwa yeye, lakini sasa vidole vinamuuma na jiko nimelishika mimi, mzee wa miaka 71. Jiko lenyewe ni la gesi, plate moja, kwa hiyo napikia sufuria moja tu, ile pana yenye kifuniko.

Mwanzoni nilimpikia uji wa mchele na mtori wa kusaga. Alikula siku tatu. Siku ya nne akasema yeye si mgonjwa, anataka chakula kinachoonekana ni chakula, na tule kitu kimoja sote.

Nimejaribu. Nilinunua steki nusu kilo, nikaichemsha saa moja na nusu kwa moto mkali, ikatoka nyuzi tupu, alitafuna akatema. Nikahamia nyama ya kusaga, nikaikaanga na kitunguu, ikawa kama changarawe, ikamwingia kwenye ufizi. Viazi niliviweka kwenye mchuzi wa nyanya dakika 40 na kiini bado kigumu. Juzi nikaongeza tui la nazi ili kulainisha mambo, likakatika: mafuta juu, maji chini. Mtungi wa gesi unaisha na bibi anarudi kwenye chai na mkate wa kuchovya.

Mimi meno yangu yapo na bila pilipili sioni ladha. Yeye pilipili inamuunguza ufizi. Nipikeje chakula kimoja, laini, cha sufuria moja, tukakila sote?

Mzee wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Shikamoo mzee wetu, na shikamoo ya pili tufikishie kwa bibi. Ana haki kabisa kuukataa uji. Meno yameondoka, ulimi upo palepale, na mtu mzima anataka kuona kiazi ni kiazi na nyama ni nyama.

Kabla ya sufuria, tazama jambo moja. Barua yako inazungumzia kutafuna. Kama bibi anapaliwa mara kwa mara, anakohoa katikati ya kula, au sauti yake inakuwa kama ina maji akishameza, hapo tatizo ni la kumeza, nalo linahitaji daktari kwanza. Mtu wa namna hiyo huumizwa zaidi na mchuzi mwepesi wenye vipande ndani, kwa sababu maji hutangulia kooni wakati vipande bado viko mdomoni. Kama hana dalili hizo, tuendelee.

Muda hukuunyima, mzee. Dakika 40 kwa viazi na saa moja na nusu kwa nyama ni nyingi. Kilichokosekana ni zamu: vitu viliingia sufuriani kabla ya wakati wake, au vikapata moto usiowafaa.

Anza na viazi. Kinachoshikamanisha kiazi kibichi ni gundi yake ya asili, pektini, na maji ya moto huiyeyusha. Lakini ukali wa nyanya, ndimu au ukwaju huizuia isiyeyuke. Kiazi kilichoingia kwenye mchuzi wa nyanya kikiwa kibichi kinaweza kukaa karibu saa nzima na bado kikawa na kiini kinachokatika badala ya kupondeka. Ndizi mbichi na maharage ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kitu chochote kikali kisiingie mpaka kiazi kipondeke kwa mgongo wa kijiko. Ukishika hili moja, nusu ya gesi uliyopoteza inarudi.

Steki nayo uliinunua kwa nia njema, maana wengi wetu tunaamini nyama safi isiyo na utando ndiyo laini. Kwa kukaanga haraka, sawa. Kwa kuchemsha ni kinyume: nyuzi zake zikipata moto hujikamua, maji yote yanatoka, na unabaki na nyama kavu inayoelea kwenye mchuzi. Nyama ya kuchemsha ikalainika ni ile yenye utando na mishipa, ya shingo, ya mkia au ya muundi, kwa sababu utando huo ukipikwa polepole saa mbili na nusu hadi tatu hugeuka kuwa ute mtamu unaolowanisha nyuzi. Maji yawe yanatikisika tu, yasitokote kwa kelele. Kwa plate moja hiyo ni jioni nzima, kwa hiyo tungeiacha kwa siku utakayowasha mkaa.

Sasa kima, yaani hiyo nyama ya kusaga. Ukiitupa kwenye mafuta ya moto, kila chembe hukazwa peke yake na kukauka, na asiye na meno hana cha kuikusanya. Suluhisho ni kuitengenezea kababu laini na kuziivisha ndani ya mchuzi bila kuzikaanga kamwe. Huo mchuzi wa kababu ndio tunaokupendekezea, pamoja na viazi na tui, wote katika sufuria yako pana.

Vinavyohitajika kwa wawili ni hivi. Nyama ya kusaga robo kilo, na mwombe muuza nyama aisage mara mbili na aache mafuta kidogo. Viazi mviringo vitatu vya wastani, kama gramu 400. Vyenye kijani au vilivyoota viache sokoni. Karoti moja, kitunguu maji kimoja kikubwa, kitunguu saumu punje mbili, tangawizi kipande kama ncha ya kidole gumba, nyanya mbili zilizoiva sana. Slesi moja ya mkate mweupe iliyoondolewa ganda, kiini cha yai moja, bizari ya mchuzi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi, na mchicha kiasi cha kiganja. Na nazi moja iliyokomaa.

Tui ulikamue mara mbili na usiyachanganye. Nazi iliyokunwa itie nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, kamua, weka pembeni: hilo ni tui zito. Rudia na vikombe viwili vya maji upate tui jepesi. Chuja yote kwa kitambaa, kwa sababu machicha yakipita kidogo tu bibi atayasikia kama mchanga. Kama ni tui la kopo, toa nusu kikombe kama lilivyo, na kinachobaki ukizimue kwa maji mpaka kifike vikombe viwili.

Kata kitunguu vipande vidogo sana. Kiweke sufuriani na mafuta, chumvi ya kubana kwa vidole viwili na vijiko vitatu vya maji, funika, moto mdogo, dakika 10. Lengo ni kiyeyuke bila kubadilika rangi. Kitunguu kilichopata kingo za kahawia kina harufu nzuri, lakini kingo hizo hukauka zikawa nyuzi, na nyuzi ndizo zinazosumbua ufizi. Kitunguu saumu na tangawizi vitwange, na tangawizi uikamue juisi tu. Makapi yake yatupe. Tia pamoja na bizari, koroga dakika moja. Iliki, karafuu na pilipili manga nzima ziache kabisa mpaka bibi apate meno. Za unga hazina shida.

Viazi vikate vipande vya sentimita 1.5, karibu na upana wa ukucha wa kidole gumba. Kipimo hicho si cha kubahatisha: ndicho wataalamu wa lishe na kumeza wanachotumia kwa vyakula laini vya watu wazima. Karoti usiikate, ikwaruze, kwa sababu karoti huchelewa kulainika kuliko kiazi na ukiikata vipande utaivisha kimoja na kukosa kingine. Vitie vyote, mimina tui jepesi lote isipokuwa vijiko vitatu vya kulowekea mkate wa kababu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka lianze kuchemka, kisha punguza moto, funika, dakika 12 hadi 15. Viazi vikae chini ya tui. Kinachochungulia juu kitaiva kwa mvuke na kuchelewa. Kama sufuria yako ni nyembamba, inua kifuniko kila dakika nne upitishe mwiko chini, maana wanga wa kiazi hupenda kushika.

Wakati huo tengeneza kababu. Loweka mkate kwenye vijiko vitatu vya tui jepesi ulilolitoa pembeni, uponde mpaka uwe kama ugali mlaini. Changanya na kima, kiini cha yai na pilipili manga ya unga kidogo. Mkate ndio siri ya kazi hii: unakaa kati ya chembe za nyama, unashika maji, unazizuia zisikamatane. Ute mweupe wa yai usiutie, kwa sababu ukiiva huikaza kababu ikawa kama mpira. Robo kijiko cha chai ya chumvi iingie mwisho kabisa, na baada yake changanya kwa vidole kwa muda mfupi, chini ya dakika moja. Chumvi na kukanda kwingi huifanya nyama itoe utelezi unaonata, na ukiiva unapata kababu inayodunda kama soseji. Kwa kazi nyingine ni sifa, kwa ufizi mtupu ni adhabu. Lowanisha viganja, tengeneza kababu 18 kubwa kidogo kuliko kungumanga, ziminye kidogo ziwe bapa.

Pima viazi kabla ya kuendelea. Toa kipande kimoja, kikandamize kwa uma mpaka ukucha wa kidole chako uwe mweupe. Kikipondeka na kubaki kilivyopondeka, kimeiva. Kikirudi, au kikipasuka vipande vyenye kona, kipe dakika nne nyingine. Usipite hapa kwa pupa, kwa sababu nyanya ikishaingia huwezi kurudi nyuma.

Viazi vikishafika, ponda vichache ukutani mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Uzito huu si urembo. Mchuzi mwepesi humtangulia mtu mdomoni, nyama ikabaki nyuma peke yake, ilhali mchuzi wa kiasi cha uji mzito unavikusanya vyote viwe tonge moja ambalo ulimi unaweza kulipeleka. Sasa nyanya. Usihangaike kuzichemsha ili kuzimenya, plate yako moja ina kazi. Zikate nusu, sugua upande uliokatwa kwenye kikwaruzio, nyama ya nyanya itashuka na ganda litabaki kiganjani. Ganda la nyanya haliivi kamwe, hujikunja tu likawa kama kijiti, kwa hiyo litupe.

Mimina nyanya, zikianza kuchemka panga kababu juu mojamoja, funika, moto mdogo. Dakika nne za kwanza usiguse. Ukitaka kutikisa, tikisa sufuria yenyewe. Zikishashika, zigeuze taratibu, uzipe dakika nane nyingine. Pasua moja: ndani pasiwe na wekundu, na maji yake yawe meupe. Nyama ya kusaga lazima iive mpaka katikati, hapo hatulegezi kamba.

Mchicha tumia majani tu. Vikonyo vinaonekana laini sokoni lakini vina nyuzi ndefu zinazokunjana mdomoni. Yakunje majani, yakate mara moja kwa urefu na mara nyingi kwa upana, yawe kama tumbaku, tia, dakika tatu.

Tui zito ni la mwisho. Lako lilikatika kwa sababu mbili zilizokutana: moto mkali na ukali wa nyanya. Tui ni mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji na protini kidogo za nazi, na protini hizo zikiunguzwa au zikipata ukali mwingi huachia. Chakula chake hakina madhara, lakini kinapoteza ule ulaini uliokuwa unautafuta. Kwa hiyo punguza moto hadi mwisho, bakiza kijiko kimoja cha tui kwa sahani ya bibi, mimina lililobaki huku unakoroga upande mmoja, bila kifuniko, dakika tatu au nne. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, zima. Sufuria ikae imefunikwa dakika 10: mchuzi utazidi kushika, na joto litaanza kushuka kuelekea kiwango ambacho ufizi unaopona unaweza kukivumilia. Ndimu, mkitaka, ikamulie kwenye sahani yako.

Kuanzia kitunguu hadi kuzima ni kama dakika 50, na moto mkali hauhitajiki isipokuwa pale tui jepesi linapochemka.

Siku ya samaki, fuata njia hiyohiyo mpaka nyanya, na badala ya kababu weka mnofu wa chewa gramu 300, au wa sangara ukiupata, vipande vya unene wa sentimita 2.5, dakika 6 hadi 8, bila kukoroga. Nyama ya samaki hawa huachia kwa mapande yenye unyevu. Nguru tunampenda pwani nzima lakini akizidi moto kidogo anakauka na kuwa unga mdomoni, na changu ni mtamu ila ana miiba mingi mno kwa mtu asiyeweza kuitafuta kwa meno. Hata kama muuzaji ameapa kuwa ameitoa yote, pitisha ncha ya kidole juu ya kila kipande kikiwa kibichi, mbele na nyuma.

Siku mfuko umetoboka, vunja mayai manne juu ya mchuzi, funika dakika tano, basi. Na siku bibi akitamani wali, mpikie mashendea: nusu kikombe cha mchele kwa vikombe viwili na nusu vya tui jepesi, moto mdogo dakika 30 ukikoroga mara kwa mara, kisha kababu juu. Wali mkavu wa punjepunje uache kwanza, unatawanyika na kuingia kila kona ya ufizi.

Tumesema nyama, samaki na mayai kwa msisitizo kwa sababu chai na mkate wa kuchovya vinajaza tumbo bila kulisha misuli, na mtu wa umri wa bibi akipungua misuli hairudi kirahisi. Ukiona nguo zinampwaya, mpelekeni kliniki, msisubiri meno ya bandia.

Kiporo kisilale mezani, hasa kwa joto la Tanga. Chakula cha nazi huchacha upesi. Kama hakuna friji, pikeni kiasi mtakachomaliza jioni hiyohiyo. Kama friji ipo, kiingie ndani ya saa mbili, na kesho ukipasha ongeza vijiko vitatu vya maji na moto mdogo, mpaka kababu ziwe za moto hadi ndani.

Imebaki pilipili yako, mzee. Chukua pilipili mbuzi moja nzima, yenye kikonyo, isiyo na ufa hata mmoja, iweke juu ya mchuzi pamoja na kababu. Itatoa harufu yote na ukali kidogo sana, mradi isipasuke, kwa hiyo mwiko upite mbali nayo. Kabla ya kutia tui zito, itoe kwa kijiko, iweke kwenye sahani yako, na uipasulie huko. Kachumbari yako pia ikae kwako, na bibi aonje mchuzi kwanza ndipo mle. Kama ameusikia mkali, mwongezee tui zito kijiko kimoja kwenye sahani yake.